Tatu Ndogo ya Swali la Saba

Ukipanda barabara ya Bombo kuingia Kawempe, ukishawapita mafundi wa magodoro, kuna mlango wa bluu ulioandikwa juu yake: TUNAPIGA CHAPA BARUA, WASIFU, MITIHANI. Hilo "tunapiga" lisikudanganye. Ndani yumo mtu mmoja tu, Sitti binti Abdul-Latif, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, aliyekaa wima mbele ya kompyuta kama askari aliyeambiwa asitikisike.

Ukaaji huo aliupata kwa baba yake. Mzee Abdul-Latif alikuwa Mnubi wa kambini, karani wa polisi, na nyumbani kwake Kiswahili kilizungumzwa hata na kuku. Siku za Jumamosi alikuwa akimchukua binti yake ofisini na kumkalisha mbele ya mashine ya chapa. Kufika miaka kumi na miwili, Sitti alikuwa akipiga kwa vidole vyote kumi bila kuangalia chini. Mwaka huohuo, akiwa darasa la sita, baba alifariki, na shule ikaishia hapo. Mashine ililetwa nyumbani juu ya baiskeli, imefungwa kwa kanga, na tangu siku ile ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake.

Pamoja na mashine alirithi sheria. "Mpiga chapa hana maoni," baba alizoea kumwambia. "Kilichoandikwa ndicho unachopiga. Ukikitilia shaka kitu, weka alama ya penseli pembeni, umwite mwenye karatasi akuambie. Ukirekebisha mwenyewe, umemwibia."

Sitti aliishika sheria hiyo miaka thelathini na kitu. Aliyemfanya aivunje hakujua kwamba amefanya hivyo.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, Mkenya wa Bungoma, jina lake Wangila. Alikuja mara ya kwanza miaka kumi na saba iliyopita na mtihani wa mizizi ya namba, akiwa na suti ya kahawia na chaki kwenye pindo la mkono. Mashine ya Abdul-Latif haikuwa na alama ya mzizi. Sitti aliacha nafasi tupu, halafu akachora kila alama kwa kalamu ya chuma juu ya stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala. Nta ikachanika. Karatasi zilipotoka, chini ya kila mzizi palikuwa na doa la wino.

Wangila aliziinua moja moja. "Bi Sitti," akasema, "mizizi yako inavuja."

Sitti akaona aibu. Yule mwalimu akavuta benchi, akaketi bila kukaribishwa, akageuza karatasi moja iliyoharibika.

"Tuiache hiyo alama. Haina ulazima. Unaiona hii namba ndogo inayokaa begani pa herufi? Hicho ni kipeo. Sasa mzizi wa pili ni kipeo cha nusu, basi. Mzizi wa tatu ni kipeo cha theluthi. Kipeo kikipandwa na kipeo, unazidisha. Iksi ina sita begani, nami nataka mzizi wake wa pili. Sita mara nusu?"

"Tatu."

"Nikitaka mzizi wa tatu? Sita mara theluthi?"

"Mbili."

"Umemaliza sura. Watoto wangu huichukua muhula mzima, tena wengine wanalia."

Siku ile Sitti alipiga mtihani wote kwa nusu na theluthi, na hakuna kilichovuja. Baadaye ikaja kompyuta, nayo alama ya mzizi inayo. Inaitwa kwa vidole viwili, na kwenye kwapa lake mna kijisanduku cha kutilia namba ndogo. Ukitia tatu, mzizi ni wa tatu. Ukiacha kitupu, mzizi ni wa pili. Wangila alizirudia zile alama, lakini Sitti hakuisahau nusu wala theluthi. Kila mtihani ulipokuja, kabla ya kuupiga aliufanya mwenyewe, nyuma ya karatasi mbovu, na majibu akayatia jikoni pamoja na karatasi. Mwongozo wa majibu Wangila hakuuleta kamwe. Aliuandika kwa mkono wake na kuufungia shuleni. Kwa hiyo Sitti hakuwahi kujua kama alipata ama alikosa. Alichokijua ni kwamba maswali ya Wangila hutoka safi, kama kitanda kilichotandikwa. Jibu likitoka na mkia, ujue umekosea njiani.

Wateja wengine husimama. Mtu huleta wasifu wake, hutazama saa, huondoka. Wangila peke yake ndiye aliyekuwa akiketi. Alikuja Jumanne na karatasi za mkono, Alhamisi akarudi kusoma nakala, na siku zote mbili alikunywa chai ya tangawizi taratibu, akizungumza habari za mvua ya Bungoma na mbuzi wa binti yake. Mama yake Sitti alipofariki, wageni wa arobaini wakaja wakaenda zao, Wangila alikuja Jumanne kama kawaida, akaketi, akanywa vikombe viwili. Ndugu wa Sitti, Swaibu, aliye dereva wa malori huko Juba, hupiga simu siku za Idi. Zaidi ya hapo hana mtu. Duka lina vikombe viwili, na likizo shule zikifungwa, kimoja hukaa kimefunikwa.

Jirani yake, Umulkheir, muuza sare za shule, ambaye duka lake limetenganishwa na la Sitti kwa ubao tu, alikuwa hakosi la kusema.

"Dada Sitti, tangawizi yanukia mpaka kwenye sketi zangu. Leo ni siku gani?"

"Jumanne."

"Basi Mkenya wako yu njiani."

"Si wangu. Ni wa shule."

"Shule imebahatika," Umulkheir akasema, akaendelea kukunja sketi.

Miaka miwili iliyopita, Sitti alikuta mzizi mmoja katika karatasi za Wangila ambao kwapani hauna tatu. Akaufanya, ukatoka na mkia mrefu. Akautia tatu, ukatoka safi. Basi akafuata sheria ya baba. Akaweka alama ya penseli pembeni, na Alhamisi akamwonyesha.

Wangila aliisogeza karatasi puani. Akaipeleka mbali. Akairudisha. Halafu akatia ile tatu kwa kalamu, kubwa mno, imeegemea mstari wa juu, akaondoka na chai yake haijapungua. Wiki mbili nzima alikuja na kupokea karatasi mlangoni. Hakuketi.

Tangu hapo Sitti hakumwonyesha tena. Alimtazama tu. Aliona Alhamisi anaposoma nakala macho yake hayasogei, yamekwama katikati ya ukurasa, na baada ya muda wa kutosha mtu kusoma husema, "Sawa kabisa." Aliona kwenye mboni kuna utando kama maziwa yaliyopoa. Tatu ndogo ilipokosekana, aliitia. Kipeo cha tisa kilipoandikwa kama sifuri, alikirudisha kuwa tisa. Karatasi za mkono hakuzitupa. Aliziweka kwenye boksi la viatu chini ya meza, kila alichokigusa kimezungushiwa penseli, kana kwamba baba yake angekuja siku moja kukagua.

Mihula sita ikapita hivyo. Kiti kilikuwa na mtu.

Mtihani wa muhula wa pili mwaka huu ulikuwa wa kidato cha tatu. Swali la tano lilikuwa mzizi wa tatu wa 27x³, na tatu yake ilionekana. Swali la sita, 125y⁹, halikuwa nayo. Sitti akajaribu nusu ya tisa, akapata nne na nusu, mkia. Akatia tatu: theluthi ya tisa ni tatu, jibu 5y³, kitanda kimetandikwa. Swali la saba, 64x⁶, nalo halikuwa na tatu. Vidole vikaenda vyenyewe. Theluthi ya sita ni mbili, mzizi wa tatu wa sitini na nne ni nne, jibu 4x². Safi. Akatabasamu, akaendelea na la nane.

Hakujaribu upande wa pili.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, alimsikia Taqwa, binti wa Umulkheir, aliye kidato cha tatu shuleni kwa Wangila, ng'ambo ya ubao.

"Mama, nimelifanya mara tatu. Ni nne, iksi, kipeo mbili. Mwalimu Otema, anayemsahihishia mzee, ameweka kosa. Darasa zima ametuwekea kosa."

"Kama darasa zima mmekosa, basi mmekosa."

"Hapana. Anasema mwongozo wa mzee una nane, iksi, kipeo tatu. Tena amesema mbele yetu kwamba mzee hajui hata anachouliza. Jumatatu mkuu wa shule anamwita."

"Kumwita tu, ama kumtoa?"

"Mwalimu Otema anasema mwalimu asiyeona ubao afanye nini darasani."

Sitti akatoka, akasimama kwenye mlango wao. "Taqwa, mwanangu, nionyeshe karatasi."

Tatu ile ilikuwa kwapani mwa alama, ndogo, nyeusi, imekaa vizuri. Akairudisha karatasi, akaenda kwake, akavuta boksi. Kwenye karatasi ya Wangila swali la saba halikuwa na kitu kwapani. Halikukusudiwa kuwa nacho. Nusu ya sita ni tatu. Mzizi wa pili wa sitini na nne ni nane. Jibu 8x³. Hilo nalo safi. Namba ile ilikuwa na milango miwili, na yeye alifungua mmoja akadhani ndio nyumba yote.

Akaketi. Akafikiria kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua, maana Wangila mwenyewe aliisoma nakala akasema sawa kabisa. Akifungua mdomo, ataulizwa kwa nini aliitia, na jibu la swali hilo limejaa boksi zima.

Saa tisa alasiri Wangila alikuja. Haikuwa siku yake. Suti ilikuwa ileile ya kahawia.

"Karibu uketi, Mwalimu."

"Sitaketi, Bi Sitti. Nina barua fupi tu. Mistari minne." Akampa karatasi. Maandishi yalipanda kilima na kushuka. "Ni ya kuacha kazi. Nataka itoke safi."

Sitti akaweka karatasi kwenye kishikio, vidole vikaanza. Tarehe. Kwa Mkuu wa Shule. *Kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosea swali la saba, na kwa kuwa wanafunzi mia moja na kumi na mbili wameadhibiwa kwa kosa langu.* Hapo vidole vikasimama. Wangila alikuwa ameelekeza uso mlangoni, kwenye mwanga.

Akachukua penseli. Akaweka alama pembeni mwa mstari.

"Mwalimu. Hapa nina shaka."

"Shaka gani? Nimekosea neno?"

"Umeandika kwamba kosa ni lako."

"Nilitia tatu bila kujua. Mkono umezeeka."

"Hukutia." Akainama, akatoa ile karatasi, akaiweka mezani. "Hapa hakuna tatu. Niliitia mimi."

Wangila akaipapasa karatasi kama anayetafuta mchanga juu yake. "Wewe hujawahi kugusa kazi yangu. Miaka yote hii."

Sitti akaisogeza karatasi karibu naye.

"Kwa nini uitie? Hukuniuliza."

"Nilidhani umesahau."

"Kwa nini udhani nimesahau?"

Basi swali lilikuwa limekuja, na lilikuwa na sauti ya upole kuliko alivyoogopa. Sitti akalibeba boksi lote kwa mikono miwili, akaliweka mbele yake. Wangila akatia mkono, akazihesabu kwa vidole tu, bila kuzitazama.

"Mangapi?"

"Kumi na moja. Kumi yalikuwa makosa kweli. La kumi na moja ndilo hili."

"Nisomee," akasema. Kisha, "Mimi siwezi."

Akamsomea. Muhula, swali, kilichoandikwa, alichokipiga. Mzizi wa tatu uliokuwa wa pili. Sita iliyokuwa nane. Kipeo kilichoshuka kutoka begani kikawa namba ya kuzidisha. Alisoma kwa sauti aliyoizoea ya kukagua nakala, isiyopanda wala kushuka. Ng'ambo ya ubao, cherehani ya Umulkheir ilikuwa imenyamaza.

Alipomaliza, Wangila alisema, "Mihula sita nimefundisha kwa macho yako."

"Maswali yalikuwa yako."

"Ungeniambia, Bi Sitti."

"Nilikuambia mara moja. Hukuketi wiki mbili."

Wangila akalisogeza boksi kando. "Sikuwa na hasira nawe. Nilikuwa na aibu."

"Mimi sikujua tofauti yake, Mwalimu. Kikombe kilikuwa pale, hakina mtu."

Wangila akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, ingawa haikuwa imemsaidia kitu siku nyingi. "Nane, iksi, kipeo tatu," akasema. "Na nne, iksi, kipeo mbili. Sikuwahi kuliona hilo. Lingekuwa swali zuri." Akaikunja karatasi ya swali la saba, akaitia mfukoni. Barua aliiacha kwenye kishikio ilivyo, na alama ya penseli pembeni. Hakunywa chai.

Yaliyofuata Sitti aliyapata kupitia ubao. Wangila aliingia kwa mkuu wa shule na karatasi yake, akasema tatu iliingia wakati wa kupiga chapa, na kwamba aliyeitia alikiri mwenyewe. Halafu, bila kuulizwa, akasema kwamba haoni. Watoto walirudishiwa alama zao nne. Taqwa akapanda nafasi sita, na Umulkheir akamletea Sitti sahani ya pilau bila kueleza ni ya nini. Otema, ambaye hakuwa mtu mbaya, kijana tu, alimwomba mzee radhi mbele ya darasa. Wakamwachia Wangila amalize mwaka, afundishe kwa mdomo. Mitihani akapewa Otema, anayeipiga mwenyewe kwenye kompyuta yake ya mapajani.

Kwa hiyo hapakuwa tena na karatasi ya kuleta Jumanne, wala nakala ya kusoma Alhamisi. Muhula wa tatu ulianza, ukafika katikati. Mvua ilinyesha, mtaro ukafurika hadi kizingitini. Sitti alipiga wasifu, mikataba ya vyumba, kadi za harusi. Wiki za mwanzo alichemsha tangawizi.

Wangila alikuja Desemba, shule zimeshafungwa, ana begi begani na basi lake la Busia linaondoka saa saba mchana. Binti yake alikuwa amempatia daktari wa macho huko Bungoma. Safari hii aliketi.

"Una kalamu ile nene ya kuandikia maboksi?"

Sitti akampa. Wangila akageuza kalenda iliyokwisha, akachora alama ya mzizi ndefu kama mkono, na ndani yake 64x⁶, namba kubwa kama mayai. Kwapani akaandika namba moja, nayo kubwa.

"Sita, safari hii," akasema. "Unaiona?"

"Naiona."

"Hata mimi. Fanya."

Akaifanya palepale chini yake, huku akitazamwa. Sitini na nne ni mbili kwa kipeo cha sita. Mzizi wa sita ni kipeo cha sudusi. Sita mara sudusi ni moja. Akaandika 2x, akasukuma kalenda.

Wangila akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaweka alama ya vema. Ilianguka chini ya jibu, mahali peupe, karibu na ukingo. Sitti hakuwa amesahihishwa na mwalimu tangu darasa la sita.

"Imekaa?" Wangila akauliza.

Akaitazama. "Imeshuka kidogo, Mwalimu."

Wangila akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Basi iache hapohapo."

"Naiacha."

Alikunywa chai yote, akafunika kikombe mwenyewe, akashika begi. Mlangoni alipapasa kizingiti kwa mguu kabla ya kukivuka, na Sitti alimtazama hadi suti ya kahawia ilipopotea kwa mafundi wa magodoro.

Jumanne iliyofuata, Umulkheir alichungulia. "Dada Sitti, leo tangawizi haisikiki."

"Sikuchemsha."

Umulkheir alikitazama kile kikombe kilichofunikwa. Akarudi kwenye sketi zake. Sitti akajiweka wima, akavuta karatasi iliyokuwa juu, wasifu wa mtu asiyemjua, akaanza kupiga kilichoandikwa.